Stesheni ya Kigoma ndo sura yetu, isije ikaachwa ikafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo nimelibeba muda mrefu, na sa hivi naona nisipolisema nitakuja kujilaumu. Mi ni fundi mwashi, nakaa Mwanga hapa Kigoma, mwiko nimeushika miaka 27. Kusomea usanifu wa majengo sijasomea, lakini ukuta naujua, nikiugonga naujua kama ni mzima au unaumwa.

Nchi nzima ukisema unatoka Kigoma mtu anakujibu haraka haraka, "aah, mwisho wa reli!" Wapo wanaolisema kwa upendo na wapo wanaolisema kwa dharau, yani kama vile kule ndo dunia inaishia. Mi nilipoenda Dar mara ya kwanza kutafuta vibarua, kwenye site moja msimamizi aliniuliza mbele za watu kama mi ni Mtanzania kweli au nimevuka mpaka. Watu wa Kigoma wanaosoma barua hii wanajua ninachosema, hakuna ambaye hajaulizwa. Nikamwambia natoka Kigoma mjini, akawa ananiangalia tu, na enzi hizo simu za picha hatuna, nitamuonyesha nini? Alikuwepo mzee mmoja saidia fundi, mtu wa Dodoma, ameshika toroli ya zege, akasimama akasema, "Kigoma naijua, kule kwenye ile stesheni kubwa ya matao, ukitoka nje mji wote unapanda mlima mbele yako." Alishawahi kupanda treni kuja kununua dagaa. Mhariri, yule mzee hakujua amenifanyia nini siku ile. Kwa maneno yale machache mji wangu ukawa mji, una mlango, una sura, mtu amefika ameuona na ameukumbuka.

Ndo maana nasema jengo si tofali na lipu tu. Kuna jengo moja moja ambalo mji ukilipoteza, mji wenyewe unakosa pa kushikwa.

Kwa wasioijua Kigoma niwaelekeze. Ukitokea kwetu Mwanga unashuka na barabara ya Lumumba, maduka huku na huku, bodaboda, wamama na mawese kwenye vidumu, unashuka, unashuka, na chini kabisa barabara inapoishia stesheni inakukaa usoni. Huwezi kuikwepa. Nyuma yake ni reli, nyuma ya reli bandari, nyuma ya bandari Ziwa Tanganyika, na ng'ambo kule milima ya Kongo inaonekana hewa ikiwa safi. Yani aliyeiweka pale alijua anachofanya, barabara kuu yote inaiangalia. Na abiria akitoka ndani hali ni hiyo hiyo kwa upande wa pili, anapita kwenye kivuli cha matao, anatokeza juani, mji mzima uko mbele yake.

Mama yangu mdogo alikuwa anauza mihogo ya kuchemsha na dagaa pale nje na mi ndo nilikuwa nambebea beseni. Treni ikichelewa, na ilikuwa inachelewa kweli, unaweza kukaa toka asubuhi mpaka jua linazama, basi sisi watoto tulikuwa tunajibanza ukutani upande wa kivuli. Ule ukuta ni wa baridi mchana kutwa, unene wake kizingiti cha dirisha mtoto analala na hadondoki. Mi nilijifunza unene wa ukuta pale, na mgongo wangu, kabla sijajua futi kamba ni kitu gani. Afu honi inasikika mbali huko, wote mnaamka mnajipanga, watu wanashuka wamechoka, siku mbili njiani, na karibu kila mgeni alikuwa anafanya kitu kile kile, anatoka nje anasimama, anageuka nyuma kuliangalia jengo, halafu ndo anauliza bei ya mihogo.

Sasa historia yake kwa ufupi. Reli ya kati Wajerumani waliianzia Dar, ikafika Tabora 1912 na hapa Kigoma ikafika Februari 1914, kilomita kama 1,250 hivi. Kabla ya hapo mji mkubwa ulikuwa Ujiji, huko ndo misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inafikia, huko ndo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, meli inakaa vizuri, basi reli ikaja huku na mji ukaifuata. Mwaka uliofuata, Februari 1915, ile meli tunayoiita Liemba ikashushwa majini hapa hapa, ilitengenezwa Papenburg Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande ikaja kwa makasha kama 5,000, ikapandishwa treni mpaka kwetu ikaungwa upya. Kwa hiyo stesheni, bandari na Liemba ni ukoo mmoja.

Najua kuna watu watasema hilo ni jengo la mkoloni, tunalilinda la nini. Nimeshalisikia hilo hata kijiweni. Jibu langu ni kwamba mkoloni alichora, lakini waliochimba tuta, waliobeba mataruma, waliochanganya udongo na kupandisha mawe ni watu wetu, Wanyamwezi kwa maelfu na wengine wa kila kabila njiani, na jasho lao liko mle ukutani mpaka leo. Mjerumani mwenyewe alikaa nalo miaka miwili tu, 1916 akaondolewa na Wabelgiji. Sisi tumelitumia miaka zaidi ya 100. Ni la nani sasa hapo?

Kilichonifanya niandike ni mazungumzo ya pale kwenye kahawa Mwanga. Vijana walikuwa wanaangalia kwenye simu treni ya mwendokasi ya Dar–Dodoma, ile iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, wakawa wanahesabu lini itafika huku, maana mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kijana mmoja, ni mtoto wa jirani yangu na nampenda, akasema Kigoma haina jengo la maana, reli ikija wavunje lile gofu waweke ghorofa la vioo kama Dubai ndo mji uonekane. Wenzake wakamuitikia. Nilikosa la kusema nikarudi nyumbani nimenuna, usiku sikulala nikaanza kusoma kwenye simu habari za majengo yaliyoipa miji jina duniani, nikaendelea hivyo wiki nzima.

Nikasoma habari za Sydney kule Australia, lile jumba la opera lenye mapaa meupe kama matanga. Lilishindaniwa michoro mwaka 1957, akashinda Mdenmark anaitwa Jørn Utzon, kujenga wakaanza 1959, wakagombana njiani, yeye mwenyewe akaondoka 1966 hakurudi tena kuliona limekwisha, likafunguliwa 1973 miaka 10 nje ya ratiba, na gharama kutoka dola milioni 7 za kwao mpaka milioni 102. Mapaa yale yana vigae zaidi ya milioni 1, mi kama fundi hapo nilisimama kidogo nikavuta picha ya waliovipanga. Lakini kilichonigusa si vigae. Sydney ni mji wa bandari, na lile jumba limekaa kwenye ncha ya ardhi iliyoingia majini, ukitazama unaona matanga. Lihamishe ukaliweke katikati ya mbuga halina maana tena. Yani Utzon alianza na mahali.

Na mnara wa Eiffel je? Ule wa 1889 ulijengwa kwa ajili ya maonyesho, ukapewa kibali cha miaka 20 tu halafu ungevunjwa, na kabla haujaisha wasanii wakubwa wa Paris walishaandika barua ya kuukataa wakisema unaharibu mji. Uliokolewa na kupewa kazi, wakaufunga mitambo ya redio ukawa na faida, muda wa kuvunja ukapita. Leo Paris bila ule mnara hakuna anayeijua. Hilo la kupewa kazi naomba wasomaji walishike maana nitalirudia.

Bilbao kule Hispania wengi hulitolea mfano, kwamba mji wa viwanda na meli uliokuwa umechoka ukajengewa jumba la makumbusho la Guggenheim mwaka 1997, mchoraji Frank Gehry, na watalii wakamiminika. Kweli, lakini husikii wakisema kwamba Bilbao ilisafisha pia mto wake uliokuwa umeoza na ikajenga treni ya chini ya ardhi miaka miwili kabla. Miji mingine ilinakili jumba peke yake, na kwa wengi hapakutokea kitu.

Ila mfano ulionikaa rohoni ni wa huku huku Afrika, msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali. Ule uliopo ulijengwa 1907, udongo mtupu, jengo kubwa kuliko unavyofikiria udongo unaweza kubeba. Ukutani zimetokeza boriti za miti ya mivumo kama miiba, ni pambo lakini ndo jukwaa la mafundi pia, wanapanda hizo hizo kupiga lipu. Na kila mwaka mji mzima unatoka siku moja, vijana wanabeba udongo, akina mama wanabeba maji, mafundi wazee wanaelekeza, wanaupaka upya kabla mvua hazijaja. Mhariri, huo mji hauna haja ya kuambiwa uipende sura yake, wanaishika kwa mikono kila mwaka. Niliangalia zile picha nikawaza sisi stesheni yetu ni lini mara ya mwisho mtu wa Kigoma aliitwa aje aiguse.

Tukirudi nyumbani tunayo na ya kutisha. Beit el Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultani Barghash la 1883, ndo uso wa Forodhani, kila postikadi ya Zanzibar ilikuwa nalo. Desemba 25 mwaka 2020 upande mzima ukaporomoka likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Nilipoona ile video nilikaa chini. Jengo halianguki siku linapoanguka, linaanza miaka mingi nyuma, maji yanaingia juu hakuna anayepanda kuangalia, boriti inaoza kimya kimya.

Na hapa niseme langu, si la kujivunia. Kuna mwaka niliitwa Ujiji kukarabati nyumba ya zamani ya mzee mmoja, kuta za mawe na udongo, lipu ya chokaa, imekaa miaka mingi haina neno isipokuwa imechoka choka chini. Watoto wake wakasema baba tunataka ing'ae, piga simenti nzito halafu rangi ya mafuta. Nilijua moyoni si sawa, bwana mmoja aliyenifundisha kazi alishaniambia chokaa inapumua na simenti haipumui, lakini nilikuwa na shida ya hela nikapiga. Ikang'aa kweli, wakafurahi, picha zikapigwa. Masika ya pili akaniita. Nikafika nikagonga ukuta na mpini wa mwiko, badala ya kulia ko ko ukawa unalia bo bo, nikabandua kipande kwa vidole tu kikatoka kikubwa kama sinia, na nyuma yake udongo umelowa tepetepe kama uji, maji yalishindwa pa kutokea yakala ukuta ndani kwa ndani. Mzee hakunigombeza, aliniambia tu, "mwanangu, hii nyumba baba yangu aliijenga kabla sijazaliwa." Mwaka uliofuata chumba kimoja kikashuka. Namshukuru Mungu hakulala mtu.

Ndo maana nikisikia neno ukarabati kwenye majengo ya aina hii naingiwa na hofu kuliko nikisikia neno kuachwa. Wakija watu na tenda ya haraka haraka wakaibandika stesheni yetu simenti, wakatoa madirisha ya mbao wakaweka aluminiamu, wakashusha vigae wakapiga bati za msauzi, wakamalizia na jipsamu ndani, kwenye picha itaonekana mpya na ndani itakuwa imeanza kufa.

Kuhusu vioo nataka nimjibu yule kijana wangu vizuri, maana kahawani sikumjibu. Kigoma ziwa liko magharibi. Jua la alasiri linakuja moja kwa moja, afu linarudi tena kutoka kwenye maji, yani unapigwa mara mbili. Ghorofa la vioo likiangalia ziwa hapa kwetu ni oveni, utalipoza kwa viyoyozi kutwa, na umeme ukikatika wote mko nje chini ya mti. Yale matao na ule unene wa ukuta si ushamba wala si mambo ya kizamani, ni akili ya jua. Na jengo la vioo la Dubai ukilileta hapa linabaki kuwa jengo la Dubai, mtu akiliona kwenye picha hatasema hii ni Kigoma.

Hata ile stesheni mpya ya Dar, nzuri sana, nimeipita mwenyewe, wameichora kwa umbo la tanzanite. Sawa, ni fahari ya taifa, lakini tanzanite inachimbwa Mererani huko Manyara, mtu wa Dar hajaikanyaga njiani kwake. Sisi ya kwetu tunaomba ichorwe na vitu vya kwetu. Tuna ziwa lenye kina karibu mita 1,470, tuna mitumbwi na taa za wavuvi usiku zinazofanya maji yaonekane kama mji mwingine, tuna michikichi, tuna mabaraza ya Ujiji. Uwezo wa kuchora upo, marehemu Beda Amuli alikuwa Mtanzania na ndo aliyechora soko la Kariakoo lenye mapaa ya zege kama miamvuli, lilifunguliwa 1975, na hata mtu ambaye hajawahi kusikia jina lake akiona lile paa anajua yuko Kariakoo. Mashindano ya michoro yafanyike, vijana wetu wa usanifu washiriki, na mchoro ubandikwe hadharani, pale soko la Mwanga, Ujiji, Kibirizi, watu wauone na waseme kabla nondo hazijasimama.

Na ile ya zamani isivunjwe wala isiachwe wazi ikawa nyumba ya popo. Reli mpya upana wake ni milimita 1,435, ya zamani ni 1,000, treni moja haiwezi kupita reli ya mwenzake, kwa hiyo hatari ninayoiona ni kwamba shughuli zitahama zote siku moja na jengo litabaki halina kazi, na jengo lisilo na kazi hakuna anayepanda kuziba paa lake. Lipewe kazi mapema. Makumbusho ya reli na ziwa iwe mle, mambo ya Liemba yawe mle, vyumba vya chini wapewe wauza dagaa na mawese ya kufungasha, abiria wa meli wapumzikie pale kwenye kivuli. Na lilindwe kisheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, la kwetu ni la 1914, kwa hiyo bila waziri kulitangaza halipati ulinzi huo moja kwa moja. Wabunge wetu wa Kigoma naomba hili walibebe, ni karatasi moja ya tangazo la serikali, haina gharama ya kilomita hata moja ya reli.

Kuna anayesema reli ikishafika Burundi Kigoma haitaitwa tena mwisho wa reli. Ile ya Burundi inachepukia Uvinza kwenda Musongati, ya kwetu inaendelea mpaka ziwani inaishia hapo hapo. Jina litabaki letu. Mi nataka tu mtoto wa Kigoma akiitwa hivyo huko Dar kwenye site awe na kitu cha kuonyesha kwenye simu yake, na kitu chenyewe kiwe bado kimesimama.

Mwisho naomba wahusika, siku wakianza kazi pale, kabla hawajapaka chochote wagonge ukuta kwanza wausikilize, watoboe kidogo waone ndani kuna nini, na chokaa waiandae mapema maana ya kuroweka siku mbili haifai, inataka ilale wiki na wiki ndo inakuwa laini kama siagi. Mi nyumbani nimesharoweka mapipa mawili. Wakiniita nakuja na mwiko wangu.

Fundi mwashi,
Mwanga, Kigoma